Maji ya Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 8 Februari
Maji nyuzi 46 za Farenhaiti. Mawingu, upepo wa kaskazini. Samaki wawili aina ya besi, wote wa Harlon.

Hayo ndiyo niliyoagizwa kuandika. Harlon, mume wangu, anasema kila mvuvi wa mashindano hapa Alabama huandika joto la maji, hali ya hewa na chambo kilicholiwa, na kwa kuwa mwandiko wake hata yeye mwenyewe hausomi, kazi nimepewa mimi. Sawa, nimeandika. Nafasi iliyobaki ni yangu, na nina mengi.

La kwanza ni kwamba sijaoga nyumbani kwangu tangu Alhamisi. Hodhi la kuogea limejaa maji baridi, na Harlon amepiga magoti kando yake akijaribu vyambo vyake vya bandia. Anakivuta kimoja kutoka upande wa bomba hadi upande wa miguu, anakitazama kinavyojitikisa, anaguna, anapiga msasa kidogo kwenye kile kidomo cha plastiki kinachokizamisha, anakivuta tena. Hajawahi kununua chambo akakiacha kilivyo. Lazima abadilishe ndoana, abandike vipande vya risasi tumboni, apake jicho upya. Nilipomwambia nataka kuoga akasema kwa Coy kuna bafu. Coy ni kaka yangu, anakaa ng'ambo ya barabara, na hali ya bafu lake sitaiandika hapa.

Alhamisi, 13 Februari
Leo anapuliza rangi jikoni. Nimekula mkate na jibini nikiwa garini.

Jumapili, 16 Februari
Nimerudi kanisani nikakuta kamba kumi na wawili wananing'inia juu ya jiko langu, kila mmoja kwenye waya wake, wanakauka. Hawa ni kamba wa mtoni wa bandia, chakula cha besi mwezi huu. Katika ziwa letu kamba wa Februari ni wekundu, na hilo analijua hata mchungaji asiyevua.

Hawa si wekundu. Ni wa zambarau, na mgongoni bluu kabisa, rangi ya goti lililogonga kona ya kitanda.

Nikamwambia Harlon hawa ni zambarau. Akasema ni wekundu. Nikarudia. Akashusha miwani hadi kwenye pua akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi wa rangi, hiyo ni nyekundu ya maji ya tope, mimi siwezi kuielewa. Coy akaingia kunywa kahawa, akaulizwa, akasema ni kazi nzuri sana, shemeji. Coy husema kila kitu cha Harlon ni kizuri kwa sababu anakula mezani kwetu. Nimewaacha na kamba wao.

Jumamosi, 22 Februari
Maji nyuzi 49, tope tupu baada ya mvua. Mashindano ya kwanza. Besi watano kwenye mizani, nafasi ya pili kati ya boti zote. Chambo: kamba wa zambarau.

Ndiyo. Wamekula zambarau. Sijui niandike nini zaidi ya kwamba Mungu ana mzaha wake.

Kwenye mizani Harlon alikiinua kile chambo juu ili wote wakione, akaeleza nyekundu yake ya tope kwa sauti ya mchungaji, na watu wazima wenye akili zao wakamzunguka kuuliza ameichanganyaje. Coy amekwisha kuomba sita na kupewa. Njia nzima ya kurudi nilisikia habari ya nyekundu. Mimi sikupata samaki hata mmoja, na hakuna aliyeuliza, maana mtu wa kiti cha nyuma haulizwi.

Niandike jambo hili mara moja nisilirudie. Mashindano haya ni ya wawili wawili, na boti yetu ina nafasi mbili za kuvulia. Anayesimama mbele ndiye mwenye mota ndogo ya umeme chini ya mguu wake. Yeye ndiye anachagua ufuko, anachagua mwendo, anarusha wa kwanza kwenye kila gogo na kila nguzo ya gati. Wa nyuma anarusha kwenye maji ambayo mwenzake ameshayachapa. Harlon yuko mbele na usukani ni wake tangu binti yetu Renita akiwa darasa la kwanza, na sasa Renita ana mtoto wa darasa la kwanza. Mimi huvua mabaki. Nimejifunza vitu vyangu vya kuvulia mabaki, vidogo, vya polepole, navitumia kama vilivyotoka dukani, na Harlon akiviona hugeuza uso.

Jumanne, 4 Machi
King'ora cha kimbunga saa kumi alasiri. Mimi nilijifungia kabatini na redio. Harlon alikwenda kuifunika boti. Kimbunga kilipita kusini. Boti iko salama, asante kwa kuuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekuta bakuli langu la mchuzi wa Krismasi lina rangi ya kijani inayonuka kitunguu saumu. Alikuwa anachovya mikia ya minyoo ya plastiki. Anasema itatoka. Haijatoka.

Jumamosi, 8 Machi
Maji nyuzi 53. Ukungu hadi saa tatu. Besi watatu.

Leo niliogopa, na nataka kuandika sawasawa jinsi ilivyokuwa. Tulikuwa tunakwenda kasi, injini imefunguliwa yote, jua linachomoza mbele yetu ndani ya ukungu. Nikaona boti ndogo ya bati imesimama katikati ya njia, na mzee ndani yake ameinua mkono. Nikangoja Harlon akate kona. Hakukata. Nikampiga begani kwa nguvu na ndipo akavuta usukani, tukapita karibu kiasi cha kuona rangi ya kofia ya yule mzee. Harlon akasema alikuwa amemwona muda mrefu. Hakuwa amemwona. Alimwona baada ya bega kuuma.

Kisha akakaa na ndoana mkononi akijaribu kupitisha mshipi kwenye tundu. Akakosa, akakosa tena, akasema mishipi ya siku hizi haina ubora. Nikamwangalia mikono. Mikono haitetemeki hata kidogo. Ni kwamba mshipi unapita pembeni ya tundu na yeye anaamini umeingia.

Nimekasirika mwezi mzima nikidhani ni ubishi. Sasa nafikiri ni macho, na nimekasirika zaidi, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa nyuma ya macho hayo.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nilimwekea mezani sketi tatu za mpira, zile anazovisha ndoana, moja nyeusi, moja bluu, moja kahawia. Nikamwomba anipe ya bluu. Akazipeleka dirishani. Akawasha taa. Akazirudisha mezani.

"Unanipima?"

"Ndiyo."

"Zote tatu ni za kamba," akasema. "Samaki hajali."

Akatoka kwenda kuosha boti ambayo ilikuwa safi. Hakula kifungua kinywa, na nilikuwa nimepika mchuzi mweupe na soseji, kitu ambacho hakijawahi kubaki sufuriani katika nyumba hii.

Alhamisi, 13 Machi
Nilimdanganya. Nilimwambia tunakwenda mjini kununua ndoana, nikaegesha mbele ya daktari wa macho. Alikaa garini akitazama mbele kama mtoto aliyenuna. Nikamwambia sina haraka, nimebeba ufumaji wangu. Akashuka.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari ni mwanamke kijana mpole, akatueleza kuwa kioo cha ndani ya jicho kimegeuka rangi, kimekuwa kama chai nzito. Mtu anayetazama kupitia chai haoni bluu vizuri. Kwa hiyo akipaka anaongeza bluu, anaona bado haitoshi, anaongeza tena. Nilimgeukia Harlon, na Harlon alikuwa anasoma bango la ukutani, au anajifanya.

Daktari akasema ni kazi ndogo, jicho moja kwanza na la pili baadaye, anaweza kumpa nafasi mapema Aprili. Harlon akauliza kwa heshima kama inaweza kungoja hadi mwisho wa Mei, mama daktari, maana Aprili besi wanataga. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitaka kulia na kucheka pamoja. Besi wanapotaga huingia kwenye maji ya kina kifupi na huvuliwa kwa macho. Unasimama, unamtafuta chini, ukimwona ndipo unarusha. Mume wangu anakataa kutibiwa macho kwa sababu umeingia msimu wa kutazama.

Jumamosi, 29 Machi
Maji nyuzi 59, yameanza kuwa safi. Mashindano ya pili. Samaki mmoja, wangu, kwenye mnyoo mfupi wa plastiki na chubwi dogo la kuuzamisha. Zambarau haikuguswa. Harlon alipiga msasa vidomo vitatu humo humo ndani ya boti. Aliendesha polepole kidogo kuliko kawaida. Nilimwambia asante, akasema ni kwa ajili ya mafuta.

Jumapili, 30 Machi
Nimemwomba Coy azungumze naye juu ya macho. Coy amezungumza naye. Wamezungumza habari za injini.

Jumamosi, 5 Aprili
Maji nyuzi 63. Maua meupe yamefunguka msituni, na unga wa njano wa misonobari umefunika gari, baraza na paka. Besi wameingia kutaga.

Jumamosi, 12 Aprili
Maji nyuzi 66. Jua, hakuna upepo. Mashindano ya tatu. Hatukufika kwenye mizani.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo naandika polepole, lakini nitaandika yote.

Saa mbili tulikuwa ndani ya hori linaloitwa la makanisa mawili, mkono mwembamba wa ziwa, maji safi kiasi cha kuona changarawe. Besi dume husafisha duara chini kwa mkia wake, duara linang'aa, na yeye hukaa juu yake analinda mayai. Hali chambo kwa njaa. Anakiuma ili akiondoe nyumbani kwake. Kazi ya mvuvi ni kumwudhi, na wengine wanaudhiwa na cheupe, wengine na cheusi, wengine na kitu kizito kinachotua kishindo. Ndiyo maana Harlon anaupenda mwezi huu kuliko Krismasi. Ana kisanduku kizima cha kuudhia.

Akasimama mbele na miwani yake ya jua, akaonyesha kwa kidole. Huyo, besi mkubwa, amelala kwenye duara lake. Nikatazama. Ilikuwa kifuniko cheupe cha jokofu la kubebea, kimezama, na juu yake unyasi mweusi unayumba.

"Harlon, hicho ni kifuniko."

"Kaa chini, unamtisha."

"Ni kifuniko cha jokofu. Naona mpaka mpini wake."

"Anatikisa mkia, Arvella. Nina macho."

Akarusha chambo cheupe. Hakuna. Akafunga cheusi. Hakuna. Akaongeza chubwi. Akapunguza chubwi. Akatoa mkasi akakata sketi ikawa fupi, akachovya mkia kwenye ile dawa ya kitunguu saumu, akaweka ndoana nyingine pana zaidi, akaketi akashusha pumzi akasema hajawahi kukutana na samaki mkaidi namna hii. Jamaa mmoja na mkewe wakapita kwa boti yao, wakatazama chini, wakatazamana, wakatusalimia kwa adabu, wakaenda zao. Nilitamani maji yanimeze.

Upande wangu wa kushoto, karibu na kisiki, kulikuwa na besi wa kweli. Nikamwambia. Akasema huyo ni mdogo. Nikarusha mnyoo wangu, nikaungoja ushuke, yule samaki akageuka akauchukua, na nilipomwinua alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kushika mwaka huu. Harlon akanipa wavu bila kugeuka. Hakutaka kumpoteza wake.

Mwishoni aliisogeza boti hadi juu yake kabisa, akachovya ncha ya ufito wa kuvulia majini kumgusa mkia, na ufito ukagonga plastiki. Ile sauti tuliisikia wote wawili.

Sikucheka. Naapa sikucheka. Nadhani ningecheka ingekuwa afadhali. Akaweka ufito chini, akainua mota ya mbele, akakaa kwenye usukani, akawasha injini kubwa. Nikamwambia jua liko mbele yetu, aende pole. Akaifungua yote. Alikuwa mwekundu shingoni, na alikuwa anatoroka kifuniko.

Njia ya pale ina maboya mawili, na unapita katikati. Nje ya maboya kuna uwanja wa visiki uliozamishwa wakati bwawa linajengwa. Yeye alipita nje. Nilimpigia kelele jina lake, kisha kukawa na kishindo, injini ikaruka juu ikilia, nami nikajikuta kwenye sakafu ya boti mkono umekunjika chini yangu. Harlon alikuwa ameangukia usukani, damu inatoka juu ya nyusi. Cha kwanza alichosema kilikuwa kwamba watu wa bwawa wameshusha maji bila kutangaza.

Maji yalikuwa juu kuliko wiki iliyopita. Niliona mwenyewe asubuhi kwenye nguzo za gati.

Yule jamaa na mkewe ndio waliotuvuta hadi mteremko wa kushushia boti. Kifundo cha mkono wangu kimepasuka, wamenifunga plasta. Harlon kashonwa nyuzi tatu. Nilimwachilia yule samaki kabla hatujavutwa, kwa sababu pampu ya tangi la kuwekea samaki hai ilikuwa imekufa na sikutaka na yeye afe.

Jumapili, 13 Aprili
Sikwenda kanisani. Coy alileta kuku wa kukaanga kutoka kwa kina mama wa kanisa, akaanza kusema visiki vya pale ni hatari sana. Nikamwambia akimaliza sentensi hiyo asikanyage tena jikoni kwangu. Akaiacha hapo.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimemwambia. Alikuwa ameketi barazani, vyambo vimetandazwa mbele yake, na hapaki wala hapigi msasa. Nikamwambia sipandi tena boti anayoiendesha yeye.

Akasema vizuri, atamaliza msimu peke yake, kanuni zinaruhusu.

"Na nani atakuambia samaki yuko wapi?"

Akaokota chambo kimoja akakirudisha chini. Nikaendelea, nilikuwa nimechoka kupita kiasi cha kuchagua maneno. Nikamwambia ningeweza kufa Jumamosi. Yule mzee wa boti ya bati angeweza kufa mwezi wa tatu. Nikamwambia nimekaa nyuma yake miaka yote hiyo bila kulalamika, na hilo si kweli, nimelalamika sana, lakini nimekaa.

Alitazama plasta yangu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema baba yake mdogo aliingia hospitali na macho mawili mabovu, akatoka na moja bovu na moja limekufa, na baada ya hapo alikaa dirishani miaka tisa bila kuona kilichoko nje.

"Kuona vibaya bado ni kuona," akasema. "Wakiniharibu, sitapaka tena. Nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu, na utanisumbua vile vile."

Hakucheka. Lakini hakuondoka pia. Nilikaa naye mpaka mbu wakaanza, nikaudhika naye, nikamwonea huruma, nikaudhika kwa kumwonea huruma. Kwa miaka hii yote nilidhani anabadilisha kila chambo kwa sababu haridhiki na kitu. Nilimtazama leo nikaona mtu anayeogopa kukaa bila kazi mikononi.

Jumanne, 15 Aprili
Ameniomba nimpigie daktari. Amesema "mpigie yule mama," halafu akaenda kuosha trela.

Jumamosi, 19 Aprili
Mvua. Kesho Pasaka. Nimepika nyama ya paja kwa mkono mmoja, na Harlon amemenya viazi. Vipande vingine vimebaki na maganda. Nimevipika hivyo hivyo.

Jumanne, 29 Aprili
Jicho la kulia limefanywa. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa nywele. Analala na kikombe cha plastiki kimebandikwa usoni, na ameniuliza mara nyingi kama nina hakika kuwa kikombe kinatoa mwanga ule anaouona pembeni au ni jicho lenyewe. Ni jicho lenyewe, Harlon. Lala.

Jumatano, 30 Aprili
Wamekitoa kikombe. Tulipoingia nyumbani akasimama katikati ya jikoni akafumba jicho la kushoto, akafungua, akafumba la kulia.

"Friji ni nyeupe," akasema.

"Imekuwa nyeupe tangu tuinunue."

Akanigeukia. Nilikuwa na ile kanzu ya nyumbani aliyoninunulia Renita. Akasema alidhani ni ya kijivu, na alikuwa akijiuliza kwa nini mtu anunue kanzu ya kijivu. Ni bluu, rangi ya anga. Akanitazama kwa muda usio wa kawaida, nikaona aibu nikaenda kuchemsha maji.

Kisha akafika kwenye vyambo. Akachukua mmoja wa kamba wale, akampeleka mlangoni kwenye jua, akamrudisha, akamchukua mwingine.

"Nani aliniacha nipake hivi?"

"Mimi nilikwambia. Coy ndiye alikusifu."

Akavuka barabara. Sijui walichosemezana, ila Coy hakuja kula leo, na Harlon alirudi na vyambo sita.

Jumapili, 4 Mei
Anataka kupaka upya vyote. Nimemwambia hodhi la kuogea ni langu mpaka niseme vingine. Amevijaribu kwenye pipa la mvua.

Jumanne, 13 Mei
Boti imerudi kutoka kwa fundi. Plasta yangu imetoka. Daktari amesema Harlon anaweza kwenda ziwani, miwani isitoke usoni, asishike usukani wala kusimama pale mbele mpaka jicho la pili lifanywe. Alimwambia Harlon, kisha akageuka akaniambia mimi; daktari huyo ana akili. Harlon akauliza basi ataendesha nani Jumamosi. Nikanyoosha mkono anipe ufunguo wa boti.

Jumamosi, 17 Mei
Maji nyuzi 74. Upepo mdogo. Mashindano ya mwisho. Nafasi ya tisa.

Kwenye mteremko Harlon alipanda boti akaenda moja kwa moja mbele, miguu ikajiendea. Akasimama pale karibu na mota. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani nimewasha injini. Watu wote wa klabu yetu ya uvuvi walikuwa kwenye gati wanangoja zamu, Coy na kikombe chake miongoni mwao. Harlon akatazama maji kidogo, akarudi, akanipita kwa ubavu, akaketi nyuma.

Nikaendesha. Niseme ukweli, nilipenda. Nilikwenda mwendo wa wastani na nilipita katikati ya kila jozi ya maboya.

Nikachagua magati ya upande wa mashariki, kwenye kivuli, ambako asubuhi vidagaa hujikusanya na besi waliomaliza kutaga huja na njaa. Nikasimama mbele, nikaweka mguu kwenye mota. Nikarusha nguzo ya kwanza, ya pili, kona ya tatu. Nikapata samaki, nikapata mwingine. Nilijua niende wapi, na kila mahali nilipotaka kurusha hapakuwa na mtu aliyenitangulia. Nilisahau kabisa kwamba kuna mtu nyuma yangu. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyo ukiwa pale mbele. Si kwamba unasahau kwa ubaya. Unasahau tu.

Nyuma nilisikia visanduku vinafunguliwa na kufungwa. Akaweka kamba mpya mwekundu, mwekundu kweli safari hii. Akamtoa. Akaweka kisamaki cheupe. Akabandika risasi, akabandua.

"Arvella," akasema hatimaye. "Umeshayachapa maji yote."

"Ndiyo."

"Sasa mimi narusha wapi?"

"Panapobaki."

Nikapita magati mawili nikirusha. Niliogopa kugeuka, nilidhani amenuna. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, kama hivi ndivyo ilivyokuwa huku nyuma. Nikamwambia kila Jumamosi.

Nikasikia kisanduku chake kinafungwa, na hakikufunguliwa tena.

"Huku huwa unatumia nini?"

Hajawahi kuniuliza. Ameniambia joto la kuandika, ameniambia niketi, niinue wavu, nisimtishe samaki, na katika maisha yetu yote ya ziwani hajawahi kuniuliza ninavua na nini. Nilitaka kumwacha angoje kidogo. Nilistahili. Lakini nikaona nikichelewa nitashindwa kusema kabisa, kwa hiyo nikamwambia. Mnyoo mfupi, wa kahawia. Chubwi dogo kuliko unavyofikiri. Usikate, usichovye, usiongeze kitu. Uache uzame wenyewe, na ukidhani umengoja vya kutosha, ngoja tena.

Akafunga fundo mwenyewe, mshipi ukaingia tunduni mara ya kwanza. Mbele yetu kulikuwa na gati zuri kuliko yote ya asubuhi, lenye paa, kivuli kirefu na nguzo nyingi, na nilikuwa nimelitazama kwa hamu tangu mbali. Nikakanyaga mota kinyume, nikaizungusha boti mpaka nyuma ikawa mbele, nikamwambia hilo ni lake.

Harlon akasimama, akajipanga, akarusha kwa jicho moja, na mnyoo wangu ukatua juu ya paa la gati la watu ukanasa. Nilimngoja aunasue, arushe tena.